Salamu Zinavyovunja Saa

Vigae vimeniletea riziki. Zamani saa ikimponyoka mtu ilidondokea mkeka au sakafu ya udongo, ikaokotwa, ikapulizwa vumbi, ikarudi mkononi. Siku hizi kila anayemaliza kibanda chake anataka vigae, tena vile vinavyong'aa mpaka unajiona meno, na mahali watu wanapopenda kuvulia saa ni bafuni. Saa ikitua pale, kioo kinaweza kubaki kizima, mishale mizima, mkanda mzima, na bado isitembee. Mwenyewe anaitikisa. Anaipigapiga kwenye paja. Anampa shemeji yake naye aitikise. Halafu anakuja barazani kwangu Kariakoo na sentensi niliyoizoea: "Fundi, imezima tu yenyewe."

Haijazima yenyewe. Ndani mna gurudumu liitwalo balansi, lile linalokwenda na kurudi bila kuchoka. Katika saa nyingi za zamani za kutia ufunguo, balansi hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani matano kila sekunde, mwenye saa akiwa macho au amelala. Kwa siku ni 432,000. Gurudumu hilo limebebwa na shafti fupi, na shafti hiyo ina ncha mbili, juu na chini, ambazo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mara nyingine pungufu. Unywele wa kichwani ni saizi hiyo hiyo. Saa ya mtu mzima, pamoja na heshima yote ya aliyeivaa, imesimama juu ya nywele mbili za chuma. Kigae kinajua pa kupiga.

Waswisi waliliona tatizo mapema. Katika miaka ya 1930 walitoa kinga iitwayo Incabloc, ambamo mawe yanayoshika ncha yamewekewa springi ndogo ili mshtuko ukija yasogee na kurudi mahali pake. Saa zenye kinga ya namna hiyo hunipita mbali. Zinazonifikia ni zile za babu, za harusi ya mjomba, za kustaafu, ambazo hazina kinga yoyote isipokuwa dua.

Na kwa kuwa nimetaja mawe, niliseme hili maana linanikera. Mtaani kuna imani isiyoondoka kwamba fundi saa ni mwizi wa almasi. Mteja ameona kwenye uso wa saa yake pameandikwa mawe 17, basi wakati wa kuichukua anataka ahesabiwe yote 17, moja moja, mbele ya shahidi. Mawe hayo ni rubi ya kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga kwa moto mkali ukadondoka na kuganda kuwa rubi, na tangu hapo jiwe la saa likawa bidhaa ya kiwandani. Ukiniachia yote 17 sipati hela ya chai na chapati. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekuja na shahidi.

Tuendelee. Ncha ikivunjika kabisa, saa ya babu imeingia katika habari nyingine, kwa sababu shafti yake huenda haitengenezwi tena. Ikipinda tu, au ikichunika, kuna matumaini, na matumaini hayo yana chombo chake: kerezo dogo la kulaza juu ya meza, ambalo mafundi wa dunia nzima hulijua kwa jina la Jacot. Langu lililetwa na shemeji yangu baharia, ndani ya sanduku la mbao lenye harufu ya mafuta ya kale. Nililifungua sebuleni. Mke wangu alilitazama, akalitazama sanduku, akanitazama mimi. "Hiki ndicho kilichosogeza mbele jiko la gesi?"

Sikuwa na la kujibu, maana kwa kweli halitishi. Halina mota. Halina swichi. Ni chuma cha urefu wa shubiri moja, kilichong'arishwa vizuri. Upande mmoja kuna silinda ndogo yenye vifereji kuzunguka ukingo wake, kila kifereji na namba yake kwa sehemu za mia za milimita. Unachagua kifereji kinacholingana na ncha yako, unailaza humo, nusu yake inazama na nusu inabaki nje. Upande wa pili kuna puli ndogo yenye kidole, nacho kinasukuma mkono wa gurudumu lizunguke. Puli inaendeshwa na upinde. Mkono wa kushoto unavuta upinde, mkono wa kulia unapitisha juu ya ncha kitu ambacho mimi nakiita tupa kipara: kina umbo la tupa lakini hakina meno. Hakiparuzi chuma. Kinakikandamiza na kukisugua, ngozi ya juu ya ncha inashindiliwa, inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, inang'aa mpaka inageuka nyeusi ukiitazama kwa pembe fulani. Upinde na tupa viende kwa kupingana, tone la mafuta liwepo kwenye kifereji, na wewe usipumue kwa nguvu.

Sanduku lilikuwa na kila kitu isipokuwa uzi wa upinde. Vitabu vinasema uzi bora ni unywele wa mkia wa farasi, kwa sababu ni mwembamba, hauvutiki ovyo, na ukizidiwa unakatika wenyewe kabla haujavunja ncha. Ushauri mzuri sana kwa mtu aliyepakana na zizi. Mimi nimepakana na duka la mapazia, mgahawa wa chipsi na saluni ya kina dada. Nilipouliza mtaani ni wapi nitapata mkia wa farasi, walinielekeza kwa mganga, tena kwa sauti ya chini, na mmoja aliniuliza kama biashara imekuwa ngumu kiasi hicho.

Aliyeniokoa ni dada wa saluni. Alisikiliza tatizo langu huku anasuka, hata hakugeuka. "Fundi, unataka unywele mrefu, mwembamba, usiokatika hovyo? Kaka, umefika." Akafungua droo. Nilijifunza asubuhi ile mambo ambayo mwanamume aliyeoa hapaswi kuyajua: kwamba kuna nywele za plastiki na kuna nywele za binadamu, kwamba za binadamu zina madaraja, na kwamba lile daraja la juu gramu chache tu zinalipia kodi ya baraza langu. Alinichomolea nywele kadhaa za daraja hilo, bure, kwa masharti kwamba nitamtengenezea saa ya ukutani. Za plastiki tulizijaribu kwanza, zikajikunja. Zile za binadamu zikakaa. Kwa hiyo kerezo lililoundwa katika milima ya Uswisi linafanya kazi Kariakoo kwa unywele wa mtu asiyejulikana, uliovuka bahari ili uwe wigi, ukaishia kwenye upinde wa mwanzi niliouchonga mwenyewe.

Nikadhani matatizo yameisha.

Kazi hii ya saa iliota mizizi katika milima ya Jura, kwenye miji kama Le Locle na La Chaux-de-Fonds, ambayo iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi huko theluji inafunika kila kitu, na wakulima wa zamani, wakiwa hawana la kufanya shambani, waliketi dirishani wakachonga vipuri vya saa mpaka theluji iyeyuke. Baadaye miji yenyewe ilijengwa kwa mistari iliyonyooka ili kila karakana ipate mwanga wa jua. Karl Marx alipoandika kuhusu mtaji aliitaja La Chaux-de-Fonds kuwa kama kiwanda kimoja kikubwa cha saa, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza miji hiyo miwili katika urithi wa dunia. Mimi nikisoma habari hizo sioni urithi. Naona mtu ameketi dirishani, nje theluji hadi kiunoni, na hakuna anayeweza kupita kumwambia habari za asubuhi.

Hapo ndipo penye siri yote ya usahihi wa Waswisi, nawaambieni. Watu wanasifu nidhamu yao, shule zao, vyuma vyao. Mimi nasema ni theluji. Chombo hiki kilibuniwa na watu wasiosalimiwa.

Fikiria hali yangu. Ncha imelala kifereji namba kumi, tone la mafuta liko mahali pake, lenzi imebana kwenye jicho la kulia, upinde mkono wa kushoto, tupa kipara mkono wa kulia. Uzito wa kidole ukizidi kidogo, ncha imekwenda. Kivuli kinaniangukia mezani. "Fundi, shikamoo."

Utafanyaje? "Marahaba" ni neno moja, linasemeka bila kugusa kitu. Lakini halisafiri peke yake. Nyuma yake kuna za asubuhi, kuna nyumbani, kuna watoto, kuna yule mgonjwa wenu wa Tanga anaendeleaje, na kila swali lina haki ya kujibiwa, na mwenye adabu hajibu tu, naye anauliza. Kisha unakuja mkono. Mtu amenyoosha mkono wake juu ya kerezo langu, umefunguka, unasubiri. Ukiwa na unga wa maandazi unampa mwenzako kiwiko, anakishika, mambo yanakwisha. Mimi nikimpa kiwiko cha kulia tupa inahama. Nikimpa cha kushoto upinde unavutika, na kwanza utampaje mtu mzima kiwiko cha kushoto?

Kunyamaza nimeshajaribu. Kufika alasiri nilikuwa nimezuliwa madeni mawili na ugomvi na ndugu wa mke wangu. "Fundi siku hizi anaringa," walisema, "tangu aletewe ile mashine." Kuweka tangazo nimeshajaribu pia. Niliandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USISALIMIE FUNDI AKISHIKA UPINDE. Wale waliokuwa wakipita bila kusimama sasa walisimama kulisoma, kwa sauti, na baada ya kulisoma ikawabidi wanisalimie ili waniulize lina maana gani. Mwendesha bodaboda mmoja alitaka kujua kama upinde wenyewe unauzwa. Nikalitoa.

Adui wa pili ni joto. Februari ya Dar es Salaam haihitaji maelezo. Jasho lina chumvi, chumvi na chuma kilichotoka kung'arishwa ni maadui wa kurithi, kwa hiyo nafunga kitambaa kipajini na kuomba Mungu. Feni ninayo, nimeipachika ukutani kwa ajili ya wateja, lakini nikifanya kazi ya balansi huwa imezimwa. Siku moja nilikuwa nimemaliza kunyosha na kung'arisha ncha za saa ya bwana mmoja, mstaafu wa benki, mtu wa suti hata Jumamosi. Gurudumu nimeliweka juu ya kipande cha karatasi nyeupe nilitazame kwa mara ya mwisho. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ameketi kwenye benchi, amevua kofia yake ya vitobo ameilaza mezani apate hewa. Dada wa saluni akapita, akaniona ninavyotiririka, moyo wake mwema ukamsukuma. "Jamani fundi, utayeyuka! Ngoja nikuwashie." Akabonyeza namba tatu.

Karatasi iliondoka kwanza. Gurudumu likafuata.

Balansi ya saa ya mkononi ina upana wa kama sentimita moja, rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, na sakafu ya baraza la Kariakoo ina kila kitu chenye rangi hiyo: maganda ya karanga, vishikizo, chenga za mihogo, vijiti vya kiberiti. Mstaafu wa benki alipiga magoti na suti yake. Dada wa saluni akaacha kichwa cha mtu kimesukwa nusu, akaja na mwenye kichwa. Muuza kahawa akaweka birika chini, akainama. Kijana wa chipsi alileta sumaku aliyoichomoa kwenye spika, nikamkataza kwa ukali kwa sababu sumaku ikigusa saa inaharibu mwendo wake, naye akanuna, na ikabidi tumbembeleze huku tukitafuta. Kila anayepita anauliza kimepotea nini, akijibiwa anashusha mzigo wake naye anainama. Kuna aliyetafuta kwa bidii kuliko sote, na baadaye ikajulikana kwamba alidhani ni almasi.

Adhuhuri iliingia hatujapata kitu. Mzee akavaa kofia yake, akaenda msikitini. Aliporudi alikuwa ameshika leso iliyofungwa fundo, akaniita pembeni, uso wake mzito. "Nimesujudu," akasema, "kitu kikadondoka mbele yangu. Fundi, nilidhani jino." Akafungua fundo. Gurudumu lilikuwa zima, ncha zote mbili zimesimama wima, kwa kuwa lilitua juu ya zulia la msikiti na si kigae. Mstaafu wa benki alitaka kumpa Mzee chochote, Mzee akakataa. Akaagiza kahawa, akaacha yule bwana alipe.

Malipo ndiyo mada ambayo ningependa kuiruka, lakini haikwepeki. Kunyosha ncha ni hivi: unaiweka kwenye kerezo, unazungusha taratibu, unatazama kwa lenzi. Ncha iliyonyooka inaonekana imetulia hata ikizunguka. Iliyopinda inachora duara hewani. Unapasha moto kibano cha shaba, unaishika ilipopindia, unaisogeza kidogo, unatazama tena. Chuma hicho kimekaushwa kikawa kigumu, na kikishapinda kinakubali kuombwa radhi mara moja tu. Ukikirudisha huku na huku kinakatika. Baada ya hapo ndipo tupa kipara, mafuta na upinde, mpaka mikunjo ya pale ilipopinda ipotee. Kazi ya nusu siku. Ukimaliza, hakuna kilichobadilishwa. Na mteja wa Dar amefundishwa na mafundi magari, wa kweli na wa uongo, kwamba kabla hajalipa adai kifaa kibovu akione.

"Kiko wapi cha zamani?"

"Ni hicho hicho, bwana. Nimekinyosha na kukisugua."

"Yaani hukubadilisha kitu."

"Sikubadilisha."

"Halafu unataka hela yote hii."

Nampa lenzi aangalie mwenyewe. Kila mmoja hubana jicho, huinama, hushusha pumzi, kisha husema ameona. Nawauliza wameona nini. Wanaeleza kitu kirefu, cheusi, kimejikunja kwa juu. Hiyo ni kope yao. Lenzi ya fundi kwa asiyeizoea humwonyesha kope zake tu, na nimeacha kubishana. Kama kope inamridhisha, na iwe kope. Jirani yangu anayebadilisha betri hana mashaka haya. Tangu Seiko ya Japani ilipoingiza sokoni saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, Desemba 1969, mambo yake yamekuwa mepesi: anafungua mfuniko, anatoa betri ya zamani, anampa mteja mkononi. Ushahidi huo hapo, unashikika, una hata uzito. Mimi nina mng'ao.

Mzee wa kofia ndiye aliyelielewa kerezo bila kuelezwa. Ujana wake wote alikuwa fundi wa majahazi, akitoboa mbao kwa keekee, ambayo nayo huzungushwa kwa upinde na kamba. Mara ya kwanza kunikuta kazini alisimama kimya, akatazama mkono wangu wa kushoto kwa muda. "Unaukaza mno," akasema. "Upinde unalegezwa, unauacha ukimbie wenyewe." Nikajaribu. Akasema bado. Akaeleza jinsi mbao za mvule zinavyotobolewa, jinsi msumari unavyofungwa pamba ili maji yasipite, jinsi tajiri mmoja alivyodhulumu mafundi wake, yote haya ncha ya saa ikinisubiri kwenye kifereji. Lakini alikuwa sahihi kuhusu upinde.

Tangu siku ya gurudumu Mzee amejipa cheo. Anaketi kwenye benchi mlangoni, miguu ameinyoosha, na mtu akisogea nami nina upinde mkononi, anainua kiganja. "Salamu nipe mimi. Fundi yuko kazini." Anazipokea zote, na mikono anaishika yeye, na wanaokuja na mgonjwa wa Tanga anawajibu kuhusu mgonjwa wa Tanga, ambaye hajawahi kumwona. Malipo yake ni kahawa na kashata mbili. Kazi inakwenda. Ncha ninazomaliza asubuhi moja sasa hivi zingenichukua siku tatu za zamani.

Shida ni kwamba Mzee ni mwaminifu na hasahau. Nikiweka upinde chini tu, kabla hata sijatoa lenzi jichoni, anakohoa na kuanza kunikabidhi: mama wa vitumbua anakusalimu na anasema mtoto amefaulu, kijana wa bodaboda bado anauulizia upinde, shemeji yako kapita, hakutaka kusumbua, ameacha mzigo kwa dada wa saluni, mwalimu wa madrasa anakusalimu na saa yake inatembea nyuma dakika kumi, na mama mmoja sijui jina, ana mtoto mgongoni, amesema nikwambie shikamoo.

"Marahaba," nasema.

"Usiniitikie mimi," anasema Mzee. "Huyo pale anakusubiri."